Waogesheni Samaki

Mimi ni daktari wa samaki, na nilizaliwa Nuu, pembe kavu ya Kitui. Anayeijua Nuu ameshaanza kucheka, nami sina cha kumfanya. Kwetu hata maji ya kuoga huombewa ruhusa, na kwa wazee wetu samaki ni ndugu wa nyoka. Nilipomaliza kusomea magonjwa ya samaki, mama yangu, ambaye sote nyumbani humwita Mwaitu, aliwatangazia wenzake kanisani kwamba nimepata kazi ofisini. Neno daktari hakulitamka. Kwake daktari hudunga sindano watu, na akikosa watu hudunga ng'ombe.

"Samaki utamshika wapi umdunge?" aliniuliza. Nilimjibu kwa maneno marefu. Akanihurumia, akaniongezea chai.

Kwa miaka mingi nimezunguka Kitui na Makueni na hadubini yangu ndani ya sanduku, nikipasua matumbo ya samaki na kuchungulia mashavu yao. Watu wananiheshimu vya kutosha. Lakini nakiri kwamba nilichokuwa nakitafuta ni neno moja tu kutoka kinywani mwa Mwaitu, na mtu mzima kutafuta kitu kama hicho ni aibu.

Kwa hiyo nilipoona nafasi, niliirukia. Kina mama wa kikundi chake cha kanisa walikuwa wanatafuta mradi. Nikapendekeza samaki. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ndipo Mwaitu, ambaye hajawahi kuonja samaki maishani, akasimama mbele yao akasema, "Mtoto wangu anajua." Wakachimba bwawa kwa mikono nyuma ya boma letu, wakatandika karatasi nyeusi ya plastiki, wakangoja mvua. Jirani mmoja Mwislamu mwenye duka pale sokoni, ambaye wazee wake walitoka pwani, akajiunga nao kwa sababu yeye ndiye pekee aliyejua kukaanga samaki. Kwa ajili yake, mikutano ya kikundi ikawa ya Kiswahili. Nikaleta vifaranga vya tilapia, wakakua vizuri. Lakini wote tulijua kwamba wakifa, atakayechekwa hadi kaburini ni Mwaitu.

Simu yake ilinikuta Makindu, hotelini, mbele ya maofisa waliokuja kufundishwa namna ya kuzungumza na mkulima kwa lugha anayoielewa. Mwalimu nilikuwa mimi. Nasema kweli tupu.

Nikatoka nje. Mwaitu alikuwa ameweka simu kwa spika, kikundi kizima kinasikiliza.

"Hawa samaki yako wanajikuna," alisema. "Wanajisugua huko kando kama mbuzi iko na upele."

Nilijua mara moja. Vimelea vya ngozi, ugonjwa wa kawaida kabisa. Tiba yake ni kumtia samaki kwenye beseni la maji ya chumvi kwa dakika chache, kisha unamrudisha bwawani. Chumvi ya jikoni. Neno likanifika kwenye ulimi, likakwama. Kina mama wote wale wanasikiliza, Mwaitu amenisimamia mbele ya watu, nami baada ya masomo yote yale niseme chumvi? Si hata mpishi angesema?

Nikasafisha koo. "Hao wanahitaji kuogeshwa na dawa," nikasema kwa Kiswahili changu cha vitabuni. "Waogesheni samaki. Jina la dawa nitawatumia baadaye."

Nilikuwa na nia ya kuitafutia chumvi jina lenye hadhi. Nikarudi ndani kufundisha lugha nyepesi, nikapigiwa makofi, nikasahau kabisa.

Kesho yake asubuhi Mwaitu alipiga tena, na safari hii hakuweka spika. "Wamekufa," alisema. "Yote."

Niliendesha gari kutoka Makindu hadi Nuu bila kula. Nilipofika mji wa Kabati nilisimama kununua barafu ya kuhifadhi sampuli, na muuza duka aliponiuliza ni ya nini nikamwambia nina msiba wa samaki. Alinipa pole, sijui kama alikuwa anatania. Njia nzima nilikuwa napanga magonjwa kichwani: labda bakteria hatari, labda virusi ambavyo havijawahi kuonekana Ukambani. Nitasema ukweli ingawa unaniumbua: sehemu ya moyo wangu ilifurahi kidogo.

Mwaitu alikuwa amewazika samaki karibu na mipapai, akaniwekea wanne kwenye karai. Nikafungua hadubini sebuleni, juu ya kitambaa chake cha kufuma, kikundi kimejaa mlangoni. Nikapasua. Nikachungulia. Nikasema "hmm" mara nyingi. Nikawaeleza kwamba ugonjwa huu ni wa ajabu, na huenda nikapeleka sampuli mbali.

Yule jirani wa duka alivumilia mpaka akashindwa. "Daktari, samahani," alisema taratibu. "Isije ikawa ni ile dawa?"

"Dawa gani?"

Mwaitu akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na bomba la kunyunyizia na kopo la dawa ya kupe.

"Si ulisema tuwaogeshe?" aliuliza. "Tumewaogesha."

Kwetu ni nchi ya mifugo. Ukimwambia mtu wa Nuu amwogeshe mnyama, hataenda kuchukua sabuni wala beseni. Ataenda kuchukua dawa ya kupe, kama alivyofanya babake na babu yake. Nami nimekulia pale pale, nimeshika mbuzi pembe wakiogeshwa tangu nijue kutembea. Kina mama walivaa glavu. Walipima dawa ya mbuzi, kisha wakaipunguza nusu, kwa sababu samaki ni mdogo. Walinyunyiza bwawa zima kwa uangalifu mkubwa. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nakitafuta kwa hadubini.

Lililobaki lilikuwa baya zaidi. Ilinibidi niwaambie kwamba hata maji yale yasinyweshwe mbuzi wala kumwagiliwa sukuma wiki. Bwawa zima la maji, na mvua iko mbali. Hakuna aliyenitukana. Walikwenda kukata miiba wakalizungushia ua, na mimi nikawabebea, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine ya maana.

Jioni hiyo Mwaitu aliniuliza, "Na dawa yenyewe ilikuwa gani?"

"Chumvi, Mwaitu."

Aliingia jikoni, akatoka na pakiti ya chumvi, akaiweka mezani kando ya hadubini. "Hii?"

"Hiyo."

"Mimi sikuongeza neno lako, sikupunguza," alisema. "Ungesema tu."

Nililia, na sioni haya kuandika hivyo. Miaka yote nilidhani haniamini. Kumbe alikuwa ameniamini mpaka akamwaga sumu kwenye bwawa lake mwenyewe.

Mvua iliyofuata walisugua ile plastiki, wakajaza bwawa upya, na nikaleta vifaranga wengine. Waliponipokea hawakunicheka hata kidogo. Miezi michache baadaye simu ikalia nikiwa kazini, na nikasikia sauti za kina mama nyuma ya Mwaitu.

"Wameanza kujikuna tena," alisema. "Sema dawa."

"Chumvi," nikajibu.

"Ya jikoni?"

"Ya jikoni, Mwaitu. Kwa beseni, si kwa bwawa." Nikamtajia kipimo, akanirudisha nyuma mara mbili akiandika.

Kisha akasahau kukata simu. Nikamsikia akiwageukia wenzake.

"Amesema ni chumvi," aliwaambia. "Si niliwaambia huyu ni daktari?"