Safari ya Kumpelekea Binti Yetu Jogoo

Jumapili moja nilisimama kanisani wakati wa shuhuda, nikamshukuru Mungu kwa kutufikisha salama kwa binti yetu. Mke wangu akanivuta koti kwa nyuma. Waumini wenzetu hapa Majimbo wanajua vizuri kwamba binti yetu yuko ng'ambo, nchi ya baridi, na majirani walikuwa wametuona Jumamosi mchana hadi jioni sebuleni, mlango wazi, vichwa viwili mbele ya kompyuta moja. Mchungaji akaniuliza kwa upole, "Mzee, mlisafiri na nini?"

Nikasema, "Kwa kuandika."

Nikaketi kabla sijaharibu zaidi. Waliocheka niliwaahidi maelezo, na maelezo yenyewe ni haya.

Binti yetu ni muuguzi. Alikuwa amekaa huko miaka minne bila kurudi, kwa sababu ya karatasi ambazo kila mara zilikuwa karibu kuwa tayari. Tulikuwa tunaongea kwa simu, lakini mama yake akiuona uso wake kwenye kioo machozi yanaanza, mtandao unakwama, na yule wa upande wa pili anabaki ameganda mdomo wazi. Mwishowe simu zetu zilikuwa za kuulizana kama mvua imenyesha. Huku ilikuwa imenyesha, huko ilikuwa theluji, kwaheri.

Siku moja akaniambia kwamba yeye na Wakenya wenzake waliotawanyika kila mahali wametengeneza mchezo wa kompyuta kwa Kiswahili, na humo ndani ndimo wanamokutana.

"Hauna picha hata moja, Baba. Ni kusoma na kuandika tu. Unaambiwa uko wapi, unaandika unataka kufanya nini, na wengine walio hapo wanaona."

"Kama barua?"

"Kama barua inayojibiwa palepale. Sasa sikiliza. Jumamosi nafikisha miaka arobaini. Nina nyumba humo, bondeni, ng'ambo ya mto. Nataka mje, wewe na Mama."

Zamu zake wiki hiyo zilikuwa mbaya. Alikuwa na saa moja tu, tangu saa kumi hadi saa kumi na moja jioni kwa saa zetu, kisha anaingia kazini. Hakuwa na nafasi ya kuja kutuchukua mwanzoni mwa mchezo. Ilibidi tufike wenyewe. Tena mgeni asiye na nyumba humo, akitoka kabla ya kufika, hurudishwa mwanzo kabisa. Kwa hiyo safari ingekuwa ya siku moja, bila kuondoka kwenye kiti. Mama yake alisikiliza yote hayo, akauliza jambo moja tu: "Na nikifika, hataganda?"

"Hataganda, Mama. Hakuna uso wa kuganda."

Hapo nikajua tunaenda.

Jumatatu nikafungua ile kompyuta aliyotuachia. Kuchapa najua, kwa vidole viwili. Nilijifunza chuo cha Biblia, nikisomea ualimu wa kanisa, kwa mashine ya zamani, na nimeandika kumbukumbu za parokia miaka mingi. Mchezo ukaniuliza jina. Nikaandika la nabii mkubwa. Nikajibiwa kwamba limechukuliwa. Nikajaribu nabii mwingine, naye amechukuliwa. Niliteremka hivyo hivyo manabii wote kwa mpangilio wa Biblia, mke wangu akihesabu kwa vidole, mpaka nikampata mmoja mdogo karibu na mwisho wa Agano la Kale ambaye vijana hawajamfikia.

Kisha maandishi yakatokea: "Uko njia panda. Kaskazini kuna nyumba ya wageni. Mashariki kuna shamba. Umande haujakauka."

Nilisoma kwa sauti, na nawaambia ukweli, miguu yangu ilihisi baridi. Mke wangu akavuta leso mabegani. Labda ni kwa sababu nimeishi maisha yangu yote na kitabu kisicho na picha. Mtu akinieleza mahali kwa maneno, mimi nimeshafika.

Maneno ya kuanzia ni machache na yeyote anaweza kuyashika. Unaandika "nenda kaskazini" na unaenda. "Tazama" na unaelezwa kilichopo. "Chukua" kitu, "mpe" mtu kitu, "sema" neno na walio karibu wanakusikia. Ukiandika "mzigo" unaambiwa umebeba nini. Ukiandika "fuata" na jina la mtu, popote aendapo unakwenda nyuma yake. Hayo niliyaandika kwenye jalada la kitabu cha nyimbo, na Jumatatu hiyo nikaenda kaskazini mpaka mlango wa nyumba ya wageni, nikaandika: hodi.

"Sielewi 'hodi'."

Nikaandika tena. "Sielewi 'hodi'." Mara ya tatu, vilevile.

"Hawako," mke wangu akasema. "Turudi."

"Tuwasubiri kidogo."

Tukasubiri. Tulikunywa chai, tukachambua maharagwe, mimi nikiangalia mlango ule wa maandishi kama kuna atakayeufungua. Kila baada ya muda nikabisha tena. Jioni binti yetu akapiga simu akitoka kazini, nikamweleza kwamba watu wa nyumba ya wageni wametoka tangu asubuhi.

Alicheka mpaka akakohoa. "Baba, ingia tu."

"Kwa nani?"

"Si kwa mtu. Ni kwa kompyuta."

"Nyumba ina mlango na haina mwenyewe?" mama yake akauliza kwa nyuma. "Mlijenga namna gani nyinyi?"

Siku zilizofuata nikajifunza kuingia bila kuitwa, jambo ambalo mpaka leo linanipa haya kidogo. Nilianguka kisimani mara mbili. Nilimwombea dua mgonjwa aliyelala kando ya njia, kisha nikagundua ni mbwa. Kufikia Ijumaa nilijua njia yote hadi ukingo wa mto, na ya ng'ambo binti yetu alikuwa ameniandikisha kwa simu, na mke wangu aliijua kuliko mimi, kwa sababu yeye hakuwa na kazi ya kutafuta herufi.

Kuhusu nyumba yetu mfahamu jambo moja. Mimi nimezaliwa karibu na Mikinduri, mke wangu ni wa Ishiara. Tulipooana kila mmoja aliishangaa lugha ya mwenzake, kwa hiyo tumelea watoto kwa Kiswahili. Lakini jambo la kwenda kumtembelea binti aliye kwake, huko kwetu na huko kwao ni moja: hakuna kwenda mikono mitupu. Sasa mashariki mwa ile njia panda kuna shamba la wageni, na mlinzi wake, ambaye ni mtu wa kompyuta tu, husema kila mara, "Karibu mgeni, chuma utakacho." Vijana huchuma embe moja, wanakimbia kwenda kupigana na majitu.

Jumamosi saa nane mchana tukaomba, kama tuombavyo kwa kila msafiri, na tukaingia shambani.

"Anza na viazi vitamu," mke wangu akasema.

Nikachukua viazi. Nikachukua nduma, mikungu mitatu ya ndizi, ndengu kwa sababu mke wangu ni mtu wa Ishiara, ambako ndengu hazikosi chunguni, kibuyu cha uji, kibuyu cha asali, na kuni.

"Kuni za nini, Mama?"

"Atapikia nini nduma, Mwalimu? Theluji?"

Tukatafuta mpaka tukapata na jogoo. Kuanzia hapo, kila baada ya hatua chache, katikati ya maandishi mengine, lilitokea hili: "Jogoo anawika." Mlinzi nilimshukuru mara nne. Kila mara akajibu chuma utakacho, na kila mara mke wangu alitaka kumtii.

Tulifika darajani saa kumi kasoro dakika kumi. Nikaandika "nenda magharibi".

"Daraja la kamba linalia. Mzigo wako ni mzito mno. Huwezi kuvuka."

Nikajaribu tena, labda liwe limezoea. "Huwezi kuvuka." Jogoo akawika.

"Tutaacha kuni," nikasema.

"Huachi kitu."

"Mama, saa kumi inafika."

"Naona saa. Nimesema hatuachi chakula cha mtoto njiani kama tumekiiba."

Nikaingiwa na jasho, na ilikuwa siku ya baridi. Saa ya ukutani ikagonga saa kumi. Binti yetu alikuwa tayari ameketi nyumbani kwake, ng'ambo ya mto ule, akitungoja, na sisi tuko ukingoni na mikungu mitatu. Sikuwa na namna ya kumwita. "Sema" haivuki mto, na simu alikuwa amesema ataizima ili saa ile iwe yetu.

Ndipo akatokea mtu. Jina lake lilikuwa la kutisha, la kisu, na maelezo yake yalisema amebeba upanga unaotoa moshi. Maneno yake yakatokea mbele yetu.

"Buda, umeziba daraja. Wacha hiyo mzigo hapo upite."

Nikaandika, polepole: "Samahani kijana. Ni wa binti yangu. Siwezi kuuacha chini."

"Ni ndizi za kuandikwa tu, mzee."

Nikamsomea mke wangu. Akavuta kiti karibu. "Mwambie, kama ni za kuandikwa tu, yeye abebe mkungu mmoja tuone kama utamuumiza mgongo."

Nikaandika hivyo hivyo, kila neno. Kisha: "Hahaha. Huyo ni nani amekuambia useme hivyo?"

"Mke wangu."

"Lete mkungu."

Nikaandika "mpe", jina lake na ndizi. Akapokea. Nikajaribu daraja. Bado linalia. Lakini nyuma yake walikuwa wamefika wengine, wasichana wawili na watu wa majina ya ajabu, wote wakitaka kuvuka, na yule wa upanga akawa ndiye anayewaelezea. "Tunampelekea msichana wa mzee chakula. Chukueni kitu."

Mmoja wao akauliza, "Guka, uji ni wa wimbi?" Hapo nikajua anatoka upande wetu wa mlima, maana hakuna mwingine wa kuniita guka, yaani babu. Nikamwambia ni wa wimbi, ingawa mchezo haukusema. Akauchukua. Mwingine akabeba viazi, mwingine nduma, mwingine ndengu. Waliobaki wakaomba kubeba chochote, na mke wangu akaagiza kuni zigawanywe ukuni mmoja mmoja ili asirudi mtu bila kusaidia.

"Jogoo je?" yule wa upanga akauliza.

"Jogoo usimpe huyo," mke wangu akaninong'oneza, kana kwamba anasikika. "Ana moshi."

Jogoo nikabaki naye mimi. Nikaandika "nenda magharibi", na daraja likatuvusha. Nyuma yangu maandishi yakashuka moja baada ya jingine: fulani anakufuata, fulani anakufuata. Watu kumi na mmoja. Umewaona akina mama wa kanisa wakienda kwa aliyejifungua, mstari mmoja kwenye njia ya shamba, viondo mgongoni? Ndivyo tulivyokuwa, ila mbele yuko mzee mwenye jogoo na nyuma kuna upanga unaofuka. Mke wangu alikuwa amesimama. Nilipomtazama alikuwa anatembea papo hapo, hatua ndogo ndogo, kati ya kiti na meza. Akaanza wimbo wa safari, mimi nikauitikia huku nachapa, na vidole vikakosea, tukaenda kusini badala ya kaskazini, na watu wote kumi na mmoja wakatufuata kusini bila kuuliza.

"Mzee, tumepotea?" mmoja akasema.

"Ni mimi nimeimba," nikaandika.

Tukarudi. Bonde likatokea saa kumi na moja kasorobo. "Uko mbele ya nyumba ndogo ya mabati. Moshi unatoka jikoni. Mlango umefungwa."

Nilijua la kufanya. Ningeandika "ingia", kama nilivyofundishwa. Dakika zilikuwa zinakwisha. Lakini kwa mtoto wangu mwenyewe, baada ya miaka minne, vidole vilikataa. Nikaandika: hodi.

Nikafumba macho kusubiri kukataliwa. Mke wangu ndiye aliyesoma.

"Unabisha hodi. Waliomo ndani wanasikia."

Alikuwa ameliweka. Katikati ya zamu zake mbaya, binti yetu alikuwa amewaomba wenzake waufundishe mchezo neno lile. Yule kijana wa upanga naye akaandika hodi, na wasichana wakaandika hodi, na kioo chote kikajaa hodi kumi na mbili, jogoo akiwika katikati.

"Karibuni," ikatokea. Kisha: "Baba? Mko wangapi?"

"Hapa tuko wawili. Nyuma kumi na mmoja. Mzigo ulikuwa mzito."

"Mama yuko?"

Mke wangu akanisukuma kwa kiwiko. Hakuwahi kugusa kompyuta ile isipokuwa kuipangusa vumbi. Akatafuta herufi kwa kidole kimoja, akizitaja kwa sauti, na kwa kuwa nilikuwa nimeacha "sema" tayari, neno lake likaenda kama lilivyo: KULA.

"Anapewa viazi vitamu. Anakula. Ni vya moto." Hayo tuliyaona kwa jina lake, binti yetu anakula. Akala nduma, akanywa uji, akawagawia wale wengine. Akamuuliza mama yake nani amepalilia shamba, na mama yake akamjibu, herufi kwa herufi, na hakulia, kwa sababu hakuwa na nafasi. Alikuwa anatafuta herufi. Waliongea dakika kumi na tano. Sikumbuki walishawahi kuongea hivyo tangu aondoke.

Saa kumi na moja kamili akaandika, "Naenda kazini. Msitoke bila kufunga jogoo." Akaondoka.

Mimi nikashika kitufe cha kuzima.

"Hawa wageni hawajamaliza kula," mke wangu akasema, na akakaa vizuri kwenye kiti changu. "Muulize huyo wa upanga kama ameshiba."