Mfugaji wa malaria na sufuria ya mama mkwe

Asubuhi, kabla hata ya chai, Mfugaji anailisha mifugo yake. Anavaa glavu, anafungua kabati la joto, anatoa chupa bapa zenye damu na kubadilisha chakula. Mifugo haisemi ahsante. Ni vimelea vya malaria.

"Wakifa njaa, dawa tutaijaribu kwa nani?" anauliza, uso mkavu kama wa msoma risala.

Kazi yake maabara ni hiyo: kuvilea vimelea mpaka vinawiri, kisha kuvimwagia dawa zilizokamuliwa kwenye mimea. Mumewe huwaambia wageni kwamba mkewe anafuga. Wageni huulizia maziwa.

Mama mkwe wake naye ana jani lake. Mwenye homa mtaani hupewa bakuli la majani yaliyochemshwa, machungu kiasi cha kumfanya mtu aungame makosa ya jirani yake.

Mwaka jana mjukuu wake alishikwa na homa. Bibi akachemsha, akanywesha, akachemsha tena. Mtoto alifikishwa hospitali hajitambui. Alitibiwa akapona, na sifa zote zikaenda kwa jani.

"Sikuwa na uso wa kumwambia mama aache," anasema Mfugaji. "Nikamwomba majani, nikaenda nayo kazini."

Mengine aliyachemsha vile vile kama mama mkwe. Mengine aliyaloweka kwenye spirit, kileo kikali cha maabara. Akaviwekea vimelea dawa hizo, tone tone, katika sahani yenye visima vidogo, na safu moja akaitilia tone la spirit tupu, asije akamsingizia jani mauaji yasiyo yake.

Hadubini ilitoa hukumu. Waliopewa maji ya sufuria walikuwa wamestawi kama wako likizo. Waliopewa spirit tupu, wazima. Waliopewa jani lililolowekwa kwenye spirit walikuwa marehemu.

Jioni hiyo alikaa sebuleni na mama mkwe.

"Mama, jani lako linaua vimelea."

"Nilikuwa nawasubiri tu mjue."

"Ila sufuria haiitoi dawa. Imo ndani ya jani, maji hayaivuti."

"Kwa hiyo watu nimewanywesha uchungu mtupu?"

"Umewanywesha kwa upendo, mama."

"Basi nitaloweka kwenye spirit."

"Hapana, mama. Kinachoua vimelea kwenye sahani kinaweza kuharibu ini la mtu. Hatujajua bado. Homa ni hospitali, siku ile ile."

"Na jani langu?"

"Limepandishwa cheo. Sasa linafanya kazi maabara."

Mfugaji hana wasiwasi na safari iliyobaki. Sasa yeye na wenzake wanatenganisha kemikali za jani moja moja ili wamjue muuaji halisi, kisha watamjaribu kwenye chembe hai za binadamu, halafu kwenye panya. "Huenda ikachukua miaka," anasema. "Mifugo ninayo, na subira ninayo."

Wiki iliyopita mjukuu aliamka na joto. Sufuria ilibaki imefunikwa kabatini. Bibi alimfunga mtoto mgongoni, akaenda naye zahanati mwenyewe, akapita mbele ya foleni kwa sauti ya mtu mwenye cheo.

Muuguzi akamuuliza kama mtoto amepewa dawa yoyote ya nyumbani.

"Hajapewa," akajibu bibi. "Dawa yangu bado iko kwenye utafiti. Mpimeni."