Shimo Lililokuwa Likitufuata

Kuna mwaka niliamini, kwa akili zangu zote na cheti cha gumbaru, lile darasa la watu wazima, kikiwa ukutani, kwamba timbo lililo nyuma ya ploti yetu linakua. Mtaa mzima ulisema hilo shimo, lililoachwa zamani na wachimba mawe ya kujengea, linakula ardhi kila siku, na vile vigingi vyekundu vilivyopigiliwa na serikali vinaonyesha litakapofika kesho. Kigingi kimoja kilikuwa hatua nne kutoka jikoni kwetu.

Usidhani nilimeza uvumi bure. Mimi nilipima! Kila asubuhi kabla ya kwenda kiwandani, mtaa wa Baba Dogo, nilihesabu hatua kutoka kigingini hadi ukingoni. Jumatatu, arobaini. Ijumaa, ishirini na tisa. Nikatangaza matokeo pale bombani, na akina mama wakaacha mitungi ifurike wakinisikiliza kama mgombea ubunge.

Mke wangu, anayewauzia wafanyakazi wa timboni chai na mihogo, alicheka hadi akashika kiuno.

"Baba watoto, kwani hilo tingatinga hulioni?"

"Naliona. Limeletwa kulizuia shimo. Limeshindwa."

"Limekuambia limeshindwa?"

Jumamosi nikaita mkokoteni. Nilikuwa nimepata chumba huko mtaa wa Tena, kimoja, cha sisi watu sita. Nikatoa kabati, nikatoa makochi, nikatoa picha ya harusi. Mke wangu akakaa juu ya kochi hapo nje, akakunja mikono. Sasa hakuwa akicheka.

"Mimi na watoto hatuendi. Hawa wateja nimewatafuta miaka kumi na miwili. Wewe nenda na kabati lako."

Jirani yetu, dereva kutoka Ukambani, akachungulia dirishani. "Msomi, ukihama niachie nyumba. Hilo shimo nitalifuga."

Nilikuwa namtazama mke wangu, na kwa mara ya kwanza nikaona naweza kufika Tena na kabati peke yake.

Ndipo akaja mkaguzi wa serikali, mama wa kofia ngumu, kunywa chai yake ya saa nne. Mke wangu akamwambia, "Mama, mwambie huyu. Mimi nimechoka."

Nikamsomea vipimo vyangu vyote, nikaongeza na mmomonyoko wa udongo kama tulivyofundishwa darasani. Akasikiliza mpaka mwisho, bila kutabasamu.

"Shimo halikui," akasema. "Waliochimba waliacha ukuta wima, na mtu akianguka pale hatoki. Sheria inataka huo ukuta ulazwe, uwe mteremko. Kwa hivyo tunakata ukingo na tingatinga, udongo tunausukuma chini, halafu tutapanda miti. Kigingi kinaonyesha mwisho wa kukata. Nyumba yako iko nje ya vigingi. Hakuna anayekuhamisha."