Jumanne za Mtawa wa Jirani

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena. Sijisifu, ingawa nikitaka kujisifu sababu ninazo: shule niliacha darasa la kumi, na leo nina magari manane ya kuzoa theluji, nyumba Pickering, nje kidogo ya Toronto, yenye gereji mbili, na wanaume wenye digrii wananiita bosi. Nimeona dhoruba, nimeona benki zikinifungia mlango, nimeona wateja wakilia. Lakini juzi kijana wangu mmoja wa kazi alifungua kopo la chakula tukiwa garini tunangoja theluji ipungue, na harufu ya sombe na ndagala, yaani kisamvu na dagaa wa kwetu, ikajaa humo ndani. Nikazima redio. Siku hizi nimechoka, nachoka hata nikiwa nimelala, na harufu ile ilinikuta sina nguvu ya kuifukuza.

Tulifika Toronto mwaka 2001, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Wazazi wangu ni watu wa Uvira, mashariki mwa Kongo, na kabla ya kupanda ndege tulikaa miaka kambini Kigoma. Tulipanga Scarborough, pembeni mwa jiji, kwenye bezimenti, chumba cha chini ya nyumba, ambayo dirisha lake lilikuwa usawa wa ardhi, hivyo wakati wa baridi tuliishi nyuma ya theluji kama samaki kwenye friza. Baba alipata kazi kiwanda cha kuku. Mama hakupata chochote, au niseme alipata kila kitu: makoti ya kanisani, mikebe ya maharage ya msaada, sahani za mtu ambaye hatukumjua. Kule Uvira alikuwa na mgahawa. Watu walikula kwake, wakashiba, wakamshukuru. Huku mwenye kushukuru akawa yeye, kutwa nzima. Kisha akaacha kushukuru, akaacha na kuongea, akawa anaamka saa ambazo Baba anarudi kutoka kazini.

Jioni moja nilimsikia Baba kwenye simu akimwambia mjomba kwamba hali ikibaki hivi mpaka Pasaka, atamrudisha Mama Kigoma kwa dada yake. Sikumwambia mtu. Ila toka siku hiyo, nikirudi shule, kitu cha kwanza kilikuwa kutazama kama sanduku la Mama bado liko juu ya kabati.

Nyumba ya jirani, ya matofali mekundu kama nyingine zote, ilikuwa hekalu. Usingejua, isipokuwa kwa harufu ya ubani na viatu vingi mlangoni. Aliishi humo mzee mmoja wa Sri Lanka, kichwa kimenyolewa, vazi la rangi ya chungwa lililopauka, na juu yake sweta la kahawia lililotoboka kiwiko. Siku moja nilifungiwa nje. Mama alikuwa amelala, hakusikia nikigonga, na glavu nilikuwa nimepoteza. Mzee alinivuta ndani, akaniweka mikono kwenye bakuli la maji vuguvugu, akanipa chai.

Nilimwuliza yeye ni padri wa nini. Akanisimulia kama mtu anayeeleza habari za ndugu yake. Kulikuwa na mtoto wa mfalme kule India, karne nyingi kabla ya Yesu, aliyefungiwa katika raha asijue shida. Alipotoka akamwona mtu aliyezeeka, akamwona mgonjwa, akaona maiti, kisha akamwona mtu aliyeacha vyote na uso wake umetulia. Akatoroka nyumbani. Akajitesa kwa njaa hadi mifupa ikaonekana, akagundua njaa nayo haifundishi kitu, akapokea wali wa maziwa kwa msichana mmoja, akaketi chini ya mti mpaka akaelewa. Ndiye Buddha, maana yake aliyeamka. Na alichoelewa, alisema mzee akiongeza sukari kwenye chai yangu, ni kwamba maisha yana maumivu, mzizi wa maumivu ni kung'ang'ania, na mzizi huo unang'oka.

Mama alipopata habari aliona aibu, na aibu ile ikamwinua kitandani. Mtu amekulelea mwanao, humwachi hivihivi. Akapika sombe na ndagala na wali, akafunga sufuria kwa kitenge, tukaenda saa kumi na mbili jioni. Mzee aliunganisha viganja, akainama, akasema hawezi kula.

Nyinyi mnajua kwetu maana yake nini mtu akikataa chakula chako.

"Mwambie mimi si mchawi," Mama alisema.

Mimi nikamwambia mzee kwamba Mama anasema chakula ni safi.

Mzee akaeleza kwamba watawa kama yeye, toka enzi za mwalimu wao, hawali baada ya saa sita mchana. Tena hawajipikii, wala hawagusi chakula ambacho hakuna mkono uliowapa. Mwalimu aliwatuma wanafunzi wake watembee, kila mmoja na njia yake, na bakuli tupu. Waliokuja baada yao wakavuka bahari hadi Sri Lanka, wakafuatana na wafanyabiashara wa jangwani hadi China, wengine Tibet, wengine Japani, na kila walikofika ilibidi kwanza apatikane mtu wa kuwalisha. Kisha akasema, "Mwambie mama yako aje Jumanne. Jumanne nitakula cha kwake tu. Asipokuja, sitakula."

"Ana maringo kama askofu," Mama alisema tukishuka ngazi. Lakini Jumanne aliamka mapema.

Basi ikawa hivyo kila wiki. Mimi nilitoroka shule kwa sababu mkalimani lazima awepo, na walimu walishindwa kuielewa hoja hiyo. Mzee alikula kwa mkono kama sisi, akasema hata mama yake alipika majani na samaki wakavu. Alipomsimulia Mama kuhusu yule mtoto wa mfalme, Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo aliacha mke na mtoto mchanga. Mwulize mtoto alivishwa na nani."

Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. "Mkewe naye alikuwa na neno hilohilo," alisema. Toka hapo Mama alimwita Padri wangu.

Halafu, Machi, ikaanguka theluji kubwa, shule zikafungwa, na Mama hakuamka. Ilikuwa Jumanne. Nilimwita, akageukia ukutani. Nikaenda hekaluni peke yangu. Mzee ameketi sakafuni, bakuli mbele yake, tupu. Nikamwambia kwetu kuna mkate. Akatabasamu, akasema amemwahidi mama yangu.

Nilirudi, nikasimama mlangoni pa chumba. "Amekaa anakungoja," nilisema. "Bakuli halina kitu."

Kisha nikasikia kitanda kikilia, halafu jiko.

Tulikwenda Mama akiwa na kitenge na viatu vya Baba, theluji magotini, sufuria kifuani kama mtoto. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika kumi. Mzee akaunganisha viganja.

"Muda umepita," alisema. "Jumanne ijayo, Mama."

Akanywa maji ya moto. Mama aliketi palepale juu ya viatu vya watu, akalia. Hakuwa amelia tangu uwanja wa ndege. Lakini hakukosa Jumanne tena. Pasaka ikaja ikapita, sanduku likabaki juu ya kabati, na kufika kiangazi alikuwa akipikia harusi za Wakongo mji mzima. Mimi ndiye niliyebeba masufuria na kudai malipo. Biashara nilijifunzia hapo. Watu huwa nawaambia nilijitengeneza mwenyewe. Sehemu hiyo huwa siisimulii.

Mama alifariki 2018. Mwaka uliofuata nilikwenda hekaluni na hundi, nikiwa nimesikia paa linavuja. Mzee naye alikuwa amekufa zamani. Jikoni nilimkuta mwanamke wa rika langu, Kumari, anaosha mchele. Nilipojitambulisha akaacha kuosha.

"Wewe ni mtoto wa yule mama wa Jumanne," alisema.

Akanieleza kwamba Jumanne ilikuwa zamu ya mama yake kwa miaka, na mzee alimwomba amwachie mama yangu. Mama yake alinuna. Siku ile ya theluji alikuja hata hivyo, akijua watu watakwama. Alikuwa humohumo jikoni, na wali wa moto na dengu, mzee alipokuwa ameketi na bakuli tupu.

"Alimkatalia," Kumari alisema. "Alimwambia, nikila chako leo, yule mama atakuwa na sababu gani ya kuamka?"

Nilitafuta kiti. Mimi, wa kutoshangazwa na kitu. Nchi nzima ilikuwa ikitugawia vitu, tena kwa moyo mzuri, na ni mtu mmoja tu aliyemwomba mama yangu kitu na kukaa na njaa alipokikosa. Nadhani ndivyo dini yao ilivyotembea mpaka China na mpaka Scarborough: mtu asiyeruhusiwa kujipikia hawezi kuishi mbali na watu, na popote anapoweka bakuli chini, kuna mtu anagundua kwamba bado ana cha kutoa.

Kumari alichukua hundi yangu bila kushtuka, akaibandika kwa sumaku kwenye friji. Kisha akauliza, "Na Jumanne je?"

Nilipika mwenyewe. Niliwaachia vijana magari, nikafika saa tano na nusu, nikaacha viatu mlangoni, nikapiga magoti na sufuria mbele ya mtawa aliyeshika nafasi ya mzee. Hundi hakuna aliyeniomba; hiki niliombwa: sombe ya kugandishwa, ndagala, mawese na mchele, dola ishirini na mbili na senti thelathini na tano.