Shairi la Nakhumicha, Jina la Wacera

Nakhumicha wa Bungoma alijifunza kuchonga kwa mwalimu Mjapani aliyefundisha chuoni kwao. Unachonga ubao, unaupaka rangi, unaukandamizia karatasi, picha inatoka. Mwalimu alimweleza kwamba kwao Japani vikundi vya washairi huagiza picha kama hizo mwaka mpya, mchoro na shairi pamoja. Haziuzwi, wanagawana wenyewe.

Habari hiyo aliipeleka Kitale kwa Wacera, rafiki yake tangu chuoni, aliyekuwa na kikundi cha washairi. Waliipenda. Kwa miaka saba wakawa wanamtumia mashairi kila Novemba, naye anawachongea. Nakala thelathini, za wanachama tu. Nakhumicha hakuwa mwanachama. Alijiona fundi.

Kumbe naye alikuwa akiandika. Aprili moja, alipomtembelea Wacera, alimsomea shairi kuhusu mama yake, ambaye miaka tisa baada ya kumzika mumewe bado huosha kikombe cha marehemu kila asubuhi. Wacera alinyosha mkono aipokee karatasi.

"Niachie nilisome tena," alisema.

Novemba bahasha ilifika. Shairi la tatu lilianza: *Kikombe cha baba huoshwa, hakijazwi.* Chini yake palikuwa na jina la Wacera.

Nakhumicha alikwenda Kitale siku hiyo hiyo.

"Hili ni langu," akasema.

"Si nimebadilisha mistari miwili? Na wewe ungelipeleka wapi? Lingefia tu kwa daftari."

"Wacera, baba yako yuko hai. Nilimwona juzi soko la Moi's Bridge akipima mahindi."

"Washairi hubuni, Nakhumicha. Usiniharibie bana. Watu wanangoja."

Nakhumicha alirudi Bungoma na shairi lake mkobani. Akalichonga lote kwenye ubao wa mpera, kinyumenyume ili lisomeke sawa likishapigwa karatasini, herufi moja baada ya nyingine, na hakuharibu hata moja. Mahali pa jina akapaacha patupu. Alitaka kumpa rafiki yake nafasi ya kusema ukweli. Akatoa nakala thelathini, akazituma Kitale.

Januari, Mukhisa, mmoja wa wanachama, alipitia Bungoma akamwachia nakala yake aione. Pale patupu palikuwa na wino wa kalamu: Wacera alikuwa ameandika jina lake kwa mkono, nakala zote thelathini.

"Alisema fundi alisahau," Mukhisa akamwambia. "Sisi tulicheka."

Nakhumicha alimsogezea mama yake nakala hiyo mezani. Mama yake alivaa miwani, akaisoma karatasi polepole mpaka mwisho, kisha akairudia.

"Huyu Wacera alijuaje mambo ya nyumba yangu?"

"Nilimwambia mimi, mama."

Mama aliirudisha karatasi mezani, akaenda kuwalisha kuku, na kwa siku mbili alimsemesha bintiye kwa shida.

Nakhumicha hakuwachongea tena, na Kitale walitafuta mchongaji mwingine. Wacera alipiga simu mara nne, ya mwisho Jumapili ya Pasaka. Nakhumicha aliiangalia ikiita mpaka ikakatika.