Bloku la Injini Uani kwa Bibi

Mwezi uliopita nilipanda Vudee, kijijini kwetu milimani, kumzika jirani yetu wa zamani, na baada ya mazishi nikapita uani kwa marehemu bibi. Nyumba imefungwa, migomba imejiotea ovyo, lakini lile bloku la injini lipo pale pale, limetulia kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo. Nikalikalia. Nikajikuta nacheka peke yangu, na nguo za msiba mwilini.

Wewe hukuliona, kwa hiyo nikueleze. Ni tumbo la injini ya lori la kizamani, chuma kitupu, lina matundu sita juu. Bibi akishaosha vibuyu vya maziwa alivichomeka humo kichwa chini, vichuruzike. Kazi yangu ilikuwa kufagia kulizunguka, na mpaka leo nikinusa kutu nasikia pia harufu ya maziwa yaliyofukizwa.

Bibi alisema injini ile ilitoka kwenye Bedford ya babu. Jirani, huyu tuliyemzika, alisema hapana, ni ya Austin ya baba yake, babu aliiazima tu awe anaikalia. Unajua tunavyosemwa sisi Wapare, kwamba mtu atauza ng'ombe afuatilie kesi ya kuku. Lakini waelewe wazee wale. Babu hakumwachia bibi kitu kingine cha kushika kwa mkono, na jirani hakuachiwa na baba yake hata kofia.

Siku moja wakakubaliana aitwe fundi kutoka Same. Fundi akafika, na kwanza akala sahani mbili za makande. Jirani alikula naye, maana bibi alisema kesi ni kesi, makande ni makande. Kisha fundi akagonga chuma kwa spana, akatega sikio, akapima matundu kwa vidole.

"Hii ni ya petroli. Inaweza kuwa Bedford. Austin pia inaweza."

"Fundi, tumekulisha uje useme yote mawili?" jirani akauliza.

"Tulia, mzee. Kibati kimeng'oka, ila namba hugongwa kwenye chuma chenyewe. Hapa pembeni." Akapasugua kwa kitambaa. Palikuwa laini kama sahani, hapana tarakimu hata moja. Akainua uso. "Nani amekuwa akinolea panga hapa?"

Mimi na bibi tukamgeukia jirani. Tangu nipate akili, jirani alikuja kila asubuhi na mchanga na maji kidogo, akanoa panga pale pale huku akipiga soga na bibi. Hata saa ile alikuwa nalo mkononi. Akalipeleka polepole nyuma ya mgongo.

"Shemeji," bibi akasema, "ushahidi umeunoa mwenyewe."

"Nimeunoa wangu na wako, shemeji! Nakata rufaa."

"Kwa nani?"

"Nitajua nikifika Same."

Kesho yake asubuhi akaja kunoa kama kawaida. Bibi akamwambia akanolee kwake.

"Hapa ni kwangu mpaka kesi iishe," akajibu, kisha akaomba uji. Akapewa.

Waliendelea hivyo miaka yote, mpaka bibi alipotangulia. Siku ile jirani alilia kuliko sisi wajukuu.

Basi nikiwa nimekaa pale, kijana wa jirani akapita na bodaboda yake. Nikamsimamisha. Niliona ni haki nimwulize, kwa sababu sasa tumebaki yeye na mimi. Nikamweleza madai ya baba yake yote, sikuyapunguza, na ya bibi sikuyaongeza.

Akalitazama bloku bila kuvua kofia ngumu.

"Chuma hiki? Chukueni tu, dada. Wauzieni watu wa vyuma chakavu."

Nikamshukuru, akawasha pikipiki akaondoka. Nimeshinda kesi ya bibi yangu bila hata kusimama, na sikumbuki kuhuzunika hivyo hata makaburini. Nilitamani angebisha, japo kidogo.