Kibakuli Chini ya Birika

Sindano ya yule nesi wa zahanati yetu ya Amu mimi nimeionja. Nilipokuwa kijana alinidunga takoni pale zahanati, nikaruka, nilipotua nikajikuta ng'ambo, kisiwani Manda. Waliokuwapo watakwambia niliishia mlangoni tu, lakini wao hawakudungwa.

Siku hizi amestaafu, kaacha sindano kashika kalamu. Anaandika habari za maradhi ya kale ya nti yetu: homa zilikuja kwa ndia gani, visima vilichimbwa vipi, mikoko ilipokatwa maji ya chumvi yalifika wapi. Ametoa vitabu viwili. Mimi kusoma sijui, ila nimevipima kwa mkono, na kimoja chatosha kuzuia mlango usigongwe na upepo wa kusi. Madaktari wakubwa humwita Nairobi akawasemeshe, na anayembebea mkoba hadi kwenye boti ya uwanja wa ndege ni mimi. Nahisi mna mawe mle. Yeye anasema ni madaftari.

Urafiki wetu ulianzia chooni. Mimi ni fundi wa mawe na chokaa, na Bi mmoja wa mtaani kwetu aliniita nimvunjie birika, lile tangi la maji lililojengwa ndani ya chumba cha kuogea tangu enzi za mababu. Alitaka kuweka tangi la plastiki juu ya paa, maana birika limekuwa shamba la mbu. Mbu wa nyumba ile hawakuwa wakiingia kwa dirisha. Walikuwa wakibisha hodi na kungoja wakaribishwe.

Nikayateka maji yote, nikashika nyundo. Chini kabisa nikaona kibakuli cha kaure kimejengewa sakafuni. Nikajua ni pambo. Mafundi wa kale walipamba hata pasipoonwa na mtu. Nikapiga mara moja, kipande cha chokaa kikatoka ukingoni. Kabla sijapiga ya pili, nesi huyo mlangoni. Alikuja kumwuliza mwenye nyumba habari za visima, akasikia kishindo. Akavua viatu, akaingia ndani ya birika, akakaa juu ya kile kibakuli kama kuku anayeatamia.

Nikamwambia nesi, Bi, mimi nimepewa kazi. Akanijibu niendelee tu, nianze na kichwa chake.

Mwenye nyumba akaja na ulimi wake wa pilipili. Akasema birika ni lake, mbu ni wake, na damu inayonyonywa ni yake. Nesi akamwomba juma moja. Atakuja azungumze na majirani mle mle ndani, na ikiwa wakimaliza mwenye nyumba bado ataka livunjwe, basi tindo atashika yeye nesi. Bi akakubali. Nadhani alitamani kumwona ameshika tindo.

Mimi nesi akaniamuru mambo mawili: nibakize ndoo moja ya yale maji yenye viluwiluwi vya mbu, kisha niende kisiwa cha Pate, kwenye birika la msikiti mkongwe, nikaombe vijisamaki. Nikaenda. Walikuwa wadogo kama punje za mchele, ingawa nikisimulia kwa wageni huwa ni papa. Ndia nzima niliwafunika kwa kanga ya mke wangu wasipigwe na jua, nikawa nawapa habari za mji. Tukifika Amu walishanijua sauti.

Siku ya mazungumzo nyumba ilijaa wanawake hadi ngazini. Nilingoja maneno ya kidaktari. Nesi akasimama.

"Samaki wa birika hili niliwatoa mimi," akasema. "Nilikuwa mgeni wa kazi, nimefundishwa kwamba maji yenye kiumbe ni machafu. Nikapita nyumba kwa nyumba natia dawa, nawatupa. Mama wa nyumba hii alinishika mkono akanambia, mwanangu, hawa ndio walinzi wetu. Nikamcheka."

Akaeleza kuwa kile kibakuli kilijengwa ili maji yakipungua, samaki wapate pa kukaa mpaka birika lijazwe. Aliyekijenga alijua jambo ambalo yeye na cheti chake hawakulijua. Na mimi fundi mzima nikaona pambo!

Kisha akamimina samaki wachache ndani ya ile ndoo ya viluwiluwi. Wale hawakula, walifagia. Bikizee mmoja akainama, akasema wanakula kama mkwewe.

Mwenye nyumba hakucheka. Alikuwa akimtazama nesi.

"Kumbe ndiwe," akasema. "Mamangu alilia siku tatu kwa samaki wale. Nami nikamfanyia mzaha."

Nesi akainamisha kichwa. Tindo lilikuwa pale karibu na mguu wake. Bi akanigeukia mimi.

"Bwana fundi, nyundo umekuya nayo?"

Nikasema iko mlangoni.

"Iregeshe kwenu. Kesho uye na chokaa, uzibe pale ulipopiga." Akamgeukia nesi. "Nawe watie mwenyewe. Uliwatoa kwa mkono wako."

Nesi akavua viatu tena, akaingia birikani, akawatia samaki kibakulini pamoja na maji yao. Nimebeba mikoba ya wasomi wengi, na wote wanajua mengi; aliyesimama mbele ya majirani akasema nilikosea, nimemwona huyo tu. Mato yake yalilengwalengwa na machozi. Alisema ni vumbi la chokaa.

Tangi la plastiki lilifika kutoka Mokowe siku ya pili. Mpaka leo limelala uani kwa ubavu, na kuku wa Bi wanaatamia humo.